TAHADHARI: Jamaa wa "dawa ya siti za suede" Mwanza, msimruhusu hata afanye demo

Mwangaluka wakuu. Hili jambo nimekaa nalo wiki ya tatu sasa najishauri niandike au ninyamaze, maana ni aibu, mtu mzima na ndevu zangu naingizwa mjini hapa hapa mjini kwangu. Lakini juzi shemeji yangu wa Nyegezi kanipigia anasema kuna kijana kamletea dawa ya siti za gari, kuanza tu kunielezea chupa ilivyo nikamwambia shem usimpe hata mia, mfungie geti. Ni yule yule.

Iko hivi. Nina Subaru Impreza, mtumba wa Japani kama za watu wengine, ila yangu ilikuja na siti zile za suede, pembeni ngozi, katikati kitambaa chenye malaika, yaani vinyweleo laini kama shavu la mtoto. Zilikuwa nyeusi, kwa maisha ya huku zikaanza kuwa za kijivu. Mnajua wenyewe, kiangazi vumbi la Buhongwa, masika matope, na jioni ukipaki karibu na ziwa ukasahau kioo wazi wale wadudu wa ziwani wanaingia kama moshi, ukiwafuta kwa kiganja ndio umewapaka kabisa. Juu ya hapo nilimpa lifti mama mmoja kutoka Kirumba ana ndoo ya dagaa, kwenye tuta pale ndoo ikayumba maji yakamwagika siti ya mbele. Mama wa watu aliomba radhi mpaka nikaona haya mimi. Ila harufu sasa! Wife alikuwa anapanda daladala kwa hiari yake.

Ndipo nikaona tangazo kwenye stetasi ya mtu tunayefahamiana, "Dawa orijino ya Alcantara kutoka Italia, tunakufuata ulipo, demo bure". Alcantara ni jina la kitambaa cha aina hiyo ya suede. Kumbe huyo naye aliposti tu kwa kuombwa, hajawahi hata kuitumia. Chupa peke yake 85,000, ukitaka wakufanyie wenyewe 120,000. Nikapiga, kesho yake saa nne asubuhi jamaa kafika kwangu Pasiansi, ovaroli safi, maneno matamu, kila sentensi "mzee wangu". Akaniambia hii ni ngozi ya mbuzi wa Italia, ngozi ikikaa muda mrefu inakufa kiu, lazima uinyweshe mafuta yake. Nikaitikia kwa kichwa kama vile najua.

Sasa hii demo ndio nataka mnielewe vizuri maana ndipo wote tunapopigwa. Alichagua mgongo wa siti ya abiria, akapuliza kidogo sanaaa, akafuta na kitambaa, halafu akachukua brashi laini. Nusu ya kulia akapiga brashi kwenda chini, nusu ya kushoto akapiga kwenda juu. Akarudi nyuma hatua mbili akasema angalia mwenyewe. Wakuu, upande mmoja mweusi tii kama gari imeshuka melini leo, upande wa pili umepauka. Nikasema basi huyu ni fundi.

Hakikutoka kitu pale. Kitambaa cha malaika ukiyalaza upande mmoja kinaonekana cheusi, ukiyalaza upande wa pili kinaonekana kimepauka, mwanangu wa darasa la pili huwa anachora jina lake kwa kidole kwenye siti hizo hizo na nilikuwa namgombeza kila siku! Kitu nakiona kila siku kwa macho yangu, halafu nalipia laki na ishirini kukionyeshwa upya.

Baada ya hapo ikaanza kazi yenyewe. Nusu chupa kaimimina kwenye ndoo ya maji, sponji la kuoshea magari, na brashi ngumu ya kufulia jinzi, ile laini ya demo sikuiona tena. Siti zote tano kazilowesha mpaka maji yanachuruzika kwenye kapeti, dakika arobaini hivi kamaliza. Akasema paki juani vioo vifungwe ili dawa iive. Iive! Nikatuma hela kwenye namba ikatokea jina la mwanamke, nikauliza akasema ni muhasibu wetu. Risiti hakuna, "nitakuletea mzee wangu".

Siku ya pili gari inanukia maua, nikampigia simu kumshukuru, mnaona ujinga. Siku ya tatu nashika siti imekakamaa kama shati lililopigwa wanga, inang'aa pale inapokaliwa, na ukipitisha mkono inanata. Vumbi ndio limepata nyumba, kila chembe inaganda. Harufu ya dagaa imerudi sasa imeoana na harufu ya maua na ukungu, maana sponji la ndani lilikuwa bado bichi. Na taa ya eabegi ikawaka kwenye dashibodi haitaki kuzima. Fundi umeme akaniinamia chini ya siti akanionyesha ile plagi ya njano, imelowa, ina kutu ya kijani. Plagi hiyo usiichezee mwenyewe, ni ya eabegi, mpe anayejua.

Nikampigia jamaa. Hakushtuka hata kidogo, na hapo ndio nilitakiwa kujua. Akasema "mzee wangu hiyo ni hatua ya kwanza, sumu inatoka, sasa inatakiwa hatua ya pili ya kufunga na kurudisha rangi, 180,000, kwa sababu ni wewe nitafanya 150,000, tanguliza 60,000 ninunue mzigo". Na mimi nikatuma. Ndio, nilituma, msinicheke. Jioni ile ile kanibloku.

Yaani nikikaa nikifikiria naona biashara ya huyu bwana wala sio ile chupa. Chupa ni ndoana tu. Anakuharibia kwanza ili akuuzie matibabu, na wewe ukiwa umeshapaniki gari imeharibika unatoa hela bila kuhesabu. Shem wangu asingenipigia angefuata njia hiyo hiyo.

Mpwa wangu anasoma chuo pale Malimbe, alikuja wikiendi akaicheka ile habari ya mbuzi mpaka akakaa chini. Alcantara sio ngozi ya mnyama yeyote mjomba, akaniambia. Ilibuniwa Japani mwaka 1970 na mwanasayansi wa kampuni ya Toray anaitwa Miyoshi Okamoto, ndio inatengenezwa Italia, lakini ni nyuzi nyembamba mno za polyester kama 68% na poliyurethane 32%. Kwa ufupi ni jamii ya plastiki, hainywi mafuta, haina kiu. Dawa yoyote ya kulainisha ngozi, polishi ya dashibodi, kitu chochote chenye silikoni, ukipaka pale kinaenda kugandisha malaika na kuvuta vumbi, ndicho kilichonikuta. Suede yenyewe ya mnyama ipo, hiyo ndio maji ni adui yake kweli, lakini siti za magari haya mara nyingi ni hii ya kutengenezwa.

Tukaichukua chupa tukaiangalia vizuri. Imeandikwa "Made in Itali", herufi ya mwisho wameila. Hakuna jina la mtengenezaji wala anwani wala tarehe. Tukapaka kidogo kwenye kioo cha dirisha tukaacha ikauke, ikabaki utando wa mafuta unateleza. Tukaweka kijiko kwenye glasi ya maji tukatikisa, povu hilo limekaa mpaka tumemaliza kula ugali. Mpwa anasema ni sabuni ya maji imechanganywa na polishi ya dashibodi na pafyumu. Mimi sio mkemia ila polishi ya dashibodi naijua harufu yake, ile ni yenyewe.

Aliyeniokoa ni fundi siti wa Mabatini, mzee mmoja mpole sana. Kaangalia dakika mbili akasema kwanza acha kuongeza dawa, hakuna dawa juu ya dawa. Alianza na vakyumu taratibu. Halafu maji ya uvuguvugu matupu na taulo jeupe la pamba, jeupe kwa sababu la rangi linaweza kuchuja na pia unaona uchafu unaotoka, analichovya analikamua mpaka halitoi tone, anafuta bila kukandamiza, analisuuza, anafuta tena. Penye doa anaanza pembeni kwenda katikati ili lisitanuke. Hakulowesha mpaka sponji hata mara moja. Akaacha milango wazi kivulini mpaka kesho yake, sio juani, ndipo akapitisha brashi laini kuinua malaika. Tumerudia hivyo mara nne ndani ya siku kumi, taulo la kwanza lilitoka na utelezi kama umefuta kikaango. Siti ya mbele ilibidi aivue sponji likaushwe peke yake. Kanitoza 70,000 na kanipa risiti.

Zimerudi kama asilimia themanini, haya ni makadirio ya macho yangu. Ila siti ya dereva pale brashi ya jinzi ilipopita malaika yamejiviringa vipele kama sweta kuukuu, na mzee kaniambia wazi hapo hakuna wa kuparudisha, labda kubadilisha kitambaa. Na lile la dagaa alisema ningefuta pale pale na taulo bichi ndani ya nusu saa lingeisha bure kabisa. Bure! Mimi niliacha siku tatu nikitafuta dawa ya Italia.

Kwa hiyo mtu akija na demo ya brashi mwambieni apige brashi nusu zote mbili kuelekea upande mmoja, muone kama tofauti itabaki. Akikataa au akaanza stori mfungulieni geti atoke. Namba yake ya simu nimeshaituma 15040 ile ya TCRA ya kuripoti matapeli, na nimefungua RB kituoni, askari akaniuliza mara mbili "siti za nini?" lakini kaandika. Mwenye chupa kama yangu asiitupe, bidhaa bandia zinashughulikiwa na FCC, Tume ya Ushindani, na bila chupa huna cha kuwaonyesha.

Muonekano wake siandiki nisije nikamchomea mtu asiyehusika. Shikeni maneno yake tu, "mzee wangu", "mbuzi wa Italia", "hatua ya kwanza". Ingawa sasa hivi nasikia kageuza kibao, jirani wa dada yangu kule Igoma kaletewa chupa ile ile, lebo ile ile ya "Itali", safari hii ni dawa ya makochi ya velveti. Na velveti nayo ina malaika.