Hifadhi ya mafaili ya kulipia kadiri utumiavyo: miezi minane yangu

Kazi yangu ni kuhariri video. Diski yangu moja ya nje ilipokufa na kuondoka na picha za harusi za wateja wawili, nilihamia kwenye hifadhi ya wingu isiyo na kifurushi cha mwezi: unaweka mafaili, unalipia kiasi kilichokaa humo. Mtindo wenyewe si mgeni. Amazon waliufungua kwa umma Machi 2006 kupitia S3, huduma yao ya kuhifadhi mafaili, wakitoza senti 15 za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi. Niliyoichagua mimi ni ya kampuni nyingine, ndogo, iliyokuwa ndiyo kwanza imezinduliwa.

Mwezi wa kwanza nilipakia gigabaiti 340 na bili ikaja ndogo, nikafurahi. Mwezi wa tatu ikapanda zaidi ya mara tatu, na mradi mpya sikuwa nimeongeza hata mmoja. Nikaisoma ankara mstari kwa mstari. Hifadhi: gigabaiti 910. Nikafungua folda ya filamu fupi niliyokuwa nayo mkononi, nikabonyeza kitufe cha kuonyesha matoleo, na faili moja la gigabaiti 11 likajipanga mara 19. Kumbe kila nilipolipakia upya, la zamani halikufutwa. Lilisogezwa nyuma tu, na lilikuwa linalipiwa kama jipya.

Mstari wa pili ulikuwa wa kupakua. Kuingiza data ni bure, kuitoa kunalipiwa, na mteja wangu alikuwa akiishusha video nzima kila alipotaka kumwonyesha mtu. Hili lilinikera kweli, kwa sababu kwenye ukurasa wa bei gharama ya kuhifadhi imeandikwa kwa herufi kubwa, ya kutoa iko chini kabisa. Mtu anayeanza ana haki ya kuziona zote mbili pamoja. Niliwaandikia hivyo, wakanijibu kwa adabu, hela hawakurudisha.

Nimebaki nao, maana mwezi usio na kazi nalipa kidogo sana. Nimeweka kanuni ya kufuta matoleo ya zamani baada ya siku 14, na tahadhari ya bili inayonifikia kwa barua pepe. Wateja nawapa nakala nyepesi ya kutazama.

Kazi zilizokwisha huenda daraja la kumbukumbu, yaani la mafaili yasiyoguswa mara kwa mara, ambalo bei yake ni nafuu zaidi, ila ukifuta kabla ya siku 90 unalipia zote 90. Kwa hiyo sizipeleki huko mpaka mteja aseme hana marekebisho tena.