Mwanasheria wa Teknolojia: Ndani ya Kampuni au Ndani ya Tume?

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, mwanasheria aliyebobea katika teknolojia ana njia mbili zilizo wazi. Afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi katika benki au kampuni ya simu huketi na wahandisi kabla mfumo haujajengwa, akahoji kwa nini namba ya kitambulisho cha mteja ihifadhiwe na kwa muda gani. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, madhara mengi huzuilika, ijapokuwa afisa huyo hulazimika kumkosoa yuleyule anayemlipa mshahara. Mtumishi wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hushughulikia malalamiko, yaani hukutana na mwananchi ambaye tayari ameumizwa. Ningemshauri kijana aanzie katika kampuni, kwa kuwa mchunguzi wa Tume asiyejua kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa katika kompyuta, inavyofanya kazi hudanganywa kwa urahisi.