Programu moja, kompyuta tatu: kazi yako inafika salama?

Karibuni tena, wapenzi watazamaji. Hapa mezani nina kompyuta tatu: hii ni ya Windows, ya katikati ni Mac, na ile ya pembeni ina Linux. Miezi miwili sasa kazi zangu zote, ripoti, hesabu, barua, nazifanya kwa kuhama kati ya hizi tatu kwa programu zilezile. Nilitaka kujua jambo moja tu: nikiiacha kazi hapa jioni, asubuhi nikaifungulia pale, nitaikuta kama nilivyoiacha?

Kufunguka, zinafunguka. VLC, ile ya kuchezea video na muziki, haijawahi kunisumbua popote. Visual Studio Code, ya kuandikia msimbo wa programu, nayo ni ileile kotekote, kwa sababu imejengwa juu ya Electron, yaani imebeba ndani yake injini nzima ya kivinjari cha Chromium. Uzuri wake, vitufe havihami. Ubaya wake ni kula RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta hutumia ikiwa kazini. Fungua programu nne za namna hiyo na ni kama umewasha vivinjari vinne. Kwenye kompyuta ya GB 4 utasikia feni inavyohangaika.

Lakini jamani, kinachoniumiza kichwa ni faili. Ngoja nisogeze kamera. Mnaiona ripoti hii? Kwenye Windows ina kurasa nne, na mahali pa sahihi pako chini ya ukurasa wa nne. Sasa naifungua kwenye Linux, kwa LibreOffice ileile, programu ya bure ya kuandikia hati na kufanyia hesabu. Kurasa tano! Mstari wa sahihi umebaki peke yake juu ya ukurasa mtupu. Hakuna neno lililopotea, ila mkubwa wako akiipokea hivi ataona umelipua kazi.

Kisa ni fonti, yaani mchoro wa herufi. Ripoti ikiwa imeandikwa kwa Calibri, LibreOffice huweka Carlito mahali pake, fonti iliyochorwa makusudi herufi zake zilingane upana na za Calibri, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Hii yangu nilitumia fonti ya mapambo isiyo na pacha wa aina hiyo. Programu ikaokota nyingine, pana zaidi, na kila kitu kikasukumwa chini. Siku hizi hati ya mwisho naitoa kwa PDF, kwa kuwa fonti husafiri ndani yake.

Majina ya faili nayo, angalieni sana. Linux inahesabu «Ripoti» na «ripoti» kuwa faili mbili. Windows na Mac, kama hujabadilisha mpangilio, zinahesabu ni moja. Nilikuwa nazo zote mbili kwenye folda moja, na programu fulani ya kusawazisha mafaili kati ya kompyuta ikaifunika moja kwa nyingine kimyakimya. Kazi ya siku mbili ikaenda. Nilikasirika, na bado naamini programu ilipaswa kuniuliza kwanza. Na ukiandika «Kikao 10:30» kwenye Linux, Windows itaikataa hiyo nukta mbili.

Umeme ukikatika je? LibreOffice huja imepangwa kuweka nakala ya dharura kila dakika 10. Mimi nimeshusha hadi 3. Ila nakala hiyo inakaa kwenye kompyuta ileile uliyokuwa unatumia. Ukikimbilia nyingine utaikuta faili ya zamani, na ukiendelea kuandika juu yake utajitengenezea matoleo mawili yanayogombana. Rudi kwanza kwenye ile iliyozimika, okoa kazi yako, ndipo uhame.

Kwangu LibreOffice inabaki mezani, tena nikiwa na imani nayo. Ile ya kusawazisha nimeifuta. Wewe kabla hujahamia programu yoyote, chukua hati yako ndefu kuliko zote, yenye majedwali, ifungue kwenye kila kompyuta unayotumia, kisha hesabu kurasa. Idadi ikitofautiana, usiitume kwa mtu mpaka ujue kilichosogea.