TAHADHARI: Anayeuza platini na mageneti za Honda 70 "zilizosetiwa tayari"

Wadau wenye Honda 70 za zamani, zile za platini (visahani viwili vinavyoachana ili plagi itoe cheche) sio za CDI (moto wa kielektroniki), kuna jamaa anapita kwenye magrupu ya wasap anauza seti ya platini, kondensa na mageneti (gurudumu la sumaku linalozungushwa na injini), anaandika "orijino Japani, taiming imeshasetiwa, funga uwashe". Hela unatuma kwanza kwa simu, mzigo unakuja na basi. Msinunue jamani. Mjomba wangu kanunua, na mzee mmoja hapa mtaani naye kanunua kwa huyohuyo, tatizo ni lilelile.

Hayo maneno ya taiming (wakati plagi inapotoa moto) kusetiwa yenyewe ni uongo. Kwenye Honda 70 sahani ya koili, inayobeba platini, haizunguki, imefungwa na skrubu sehemu moja, kwa hiyo taiming unaitafuta kwa uwazi wa platini zikiwa ndani ya injini yako wewe. Platini zianze kuachana pale F ya mageneti (alama ya moto kupiga) inapokutana na alama ya kwenye injini, na zikifunguka mpaka mwisho fila geji (vibati vya kupimia uwazi) ipite kwenye 0.3 hadi 0.4 mm. Sasa nani anaweza kuifanya hiyo kazi akiwa dukani?

Mageneti yenyewe imechezewa. Alama za mwanzo zimesagwa na grainda, ukipitisha kucha unasikia mkwaruzo, halafu T na F mpya zimepigwa kwa patasi pembeni na zimepinda. Tukafungua kifuniko cha kushoto cha silinda hedi, tukaiweka ile O ya sproketi ya kamshafti sawa na alama ya hedi, hapo T ya mageneti (alama ya pistoni kufika juu kabisa) lazima nayo iwe mahali pake. Ilikuwa nje karibu nusu upana wa kidole, na cheni ya kamshafti ikichoka alama inahama kidogo ila sio hivyo. Tukarudisha mageneti ya zamani ya mjomba, T ikakaa pale pale.

Kinachouma zaidi ni platini. Kile kisigino cha faiba kinachopanda kwenye kamu ni laini, kinaisha haraka, na kikiisha uwazi unapungua na moto unachelewa. Fundi anaseti kwa kufuata F ya uongo, moto unawahi, pikipiki inarudisha kiki na mguu wa mjomba umevimba mpaka leo. Baada ya muda kisigino kinaliwa, taiming inarudi nyuma inapita pale penye usahihi, chombo kinatembea vizuri kidogo, mtu anafurahi kumbe ndio kinaelekea kufa, baadaye moto umechelewa sana, hakivuti mlimani, ekzosi inapiga baruti na injini inachemka. Jamaa analijua hilo vizuri, maana ukimpigia siku ya kwanza anakwambia "itazoea tu mzee", ukimpigia pale iliposhindwa kabisa anasema warranti imeisha na anakublok.

Kama umeshanunua usiendelee kuipiga kiki, moto ukiwahi sana unaweza kutoboa pistoni. Chomoa plagi, zungusha mageneti taratibu kwa mkono kuelekea inakozunguka injini, bana karatasi nyembamba ya sigara katikati ya platini huku unaivuta kidogo, inapoachia ndipo zinapofunguka. Uwazi ukiwa 0.35 na zikafunguka karibu na F, uko salama. Ikibidi uzipanue mpaka 0.6 ndio uifikie F, basi mageneti inakudanganya. Na mafundi msiiseti kwa F pekee, pima na uwazi kila mara.

Mageneti yako ya zamani usiiuze chuma chakavu hata kama ina kutu, mradi sumaku inavuta. Na akikutumia picha mwambie apige karibu pale kwenye T na F bila rangi juu, sisi alitutumia picha ya upande wa pili tu.