Paneli mbili, betri moja: viungio vya kununua, kuanzia cha kwanza hadi cha kuacha dukani

Una paneli ya sola ya wati 100, betri ya volti 12 yenye 100Ah, kontrola ndogo (kile kiboksi kinachosimamia chaji ya betri), taa nne, TV na feni. Mwaka wa kwanza mambo shwari. Wa pili, ikigonga saa nne usiku kontrola inakata na nyumba nzima inaanza kulaumiana nani aliacha feni inazunguka. Unanunua paneli ya pili, fundi anakwambia "tutaziunga parale," na wewe unaitikia tu. Ziungwe kwa kitu gani? Hapo watu wengi hawaulizi.

Ukiunga sambamba, ndiyo hiyo parale, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zinabaki zilezile ila ampea zinajumlishwa. Paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 hutoa karibu ampea 5.5 kwa volti 18. Mbili ni 11, tatu ni 16 na ushee. Kinachochemsha kiungio na kula waya ni ampea, sasa zote zinapita kwenye kiungio kimoja ambacho wengi wetu hukinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki. Mimi hukinunua kwanza.

Namba 1: jozi ya konekta za Y (za MC4, aina ya kuchomeka inayotumika kwenye waya za paneli), kwa paneli mbili

Kwa paneli mbili sijaona kinachoishinda. Hakuna kukata waya wala kulehemu: unachomeka mpaka isikike "tak", mvua ikinyesha haiingii. Konekta nzuri za aina hii hubeba mpaka ampea 30, na wewe una 11 au 12.

Angalia jozi yenyewe. Y moja ina mdomo mmoja wa dume na miwili ya jike, nyingine ni kinyume chake. Muuzaji mwenye haraka atakufungia mbili zinazofanana, utagundua uko juu ya bati. Zichomeke zenyewe kwa zenyewe palepale kaunta.

Halafu toa sumaku. Mimi natembea na kipande cha sumaku ya spika mbovu. Kipini cha ndani kinatakiwa kiwe shaba iliyopakwa bati jeupe, na shaba hainaswi na sumaku. Kikinasa, ni chuma, rudisha. Kariakoo nimewahi kupima jozi tano za duka moja, tatu zikanasa, na bei ilikuwa ileile.

Kabla ya kuunga, pima kila paneli peke yake kwa multimita. Zote zisome karibu volti 21 au 22 juani, bila alama ya kutoa. Ukiunga moja kinyume, zitapigana shoti zenyewe kwa zenyewe na kontrola haitapata kitu. Wati zikitofautiana si neno: ya 50 na ya 100 zinakaa pamoja vizuri kama zote ni za volti 18. Ukichanganya ya volti 18 na lile paneli kubwa la volti 30 na kitu, kubwa linavutwa chini na umetupa karibu nusu yake.

Namba 2: boksi la kukusanyia lenye fyuzi, kwa paneli tatu kwenda juu

Kwa mbili ni anasa. Kwa tatu hesabu inabadilika. Paneli moja ikipata shoti, mbili zilizobaki zinaisukumia umeme kinyumenyume, karibu ampea 12. Geuza paneli usome kibandiko cha nyuma: kuna mstari wa kiwango cha juu cha fyuzi, na kwa paneli ndogo mara nyingi ni 10 au 15. Kikiwa 10, ampea 12 zimeshakipita, kwa hiyo kila paneli ipewe fyuzi yake.

Fyuzi na breka ziwe za DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa sola na betri, imeandikwa hivyo ubavuni. Breka ya umeme wa nyumbani inategemea umeme kugeuka mara 100 kwa sekunde ili cheche ikatike. Umeme wa sola haugeuki, cheche inaendelea kuwaka ndani ya plastiki. Muuzaji akikwambia "zote ni breka tu, bosi," nenda duka la pili.

Namba 3: kila paneli na waya wake, zikutane ndani

Unashusha jozi mbili za waya hadi ukutani, unaziunga kwenye tereminali ya skrubu karibu na kontrola. Waya ni mwingi, lakini kiungio kipo pakavu, unakiona na kukikaza kila baada ya miezi michache. Kwa nyumba za pwani, ambako chumvi haina simile, wapo mafundi wanaoipendelea hii kuliko konekta za Y, na siwabishii. Ila usibane waya mbili nene kwenye tundu moja la kontrola. Moja itashikwa, nyingine itacheza.

Waya: hapa ndipo pesa inapotea kimyakimya

Tuseme paneli mbili ziko mita 10 kutoka kwenye kontrola. Kwenda na kurudi ni mita 20. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ampea 12 zinapoteza karibu volti 1.7 njiani. Wa 4 unapoteza kama volti 1, wa 6 unapoteza 0.7.

Utasema paneli ina volti 18, 1.7 ni nini? Saa saba mchana juu ya bati, paneli ikiwa na joto la nyuzi 60 na zaidi, zile 18 hushuka mpaka 15.5 hivi. Toa 1.7, unabaki na 13.8. Betri ya risasi inataka karibu 14.4 ijae. Kwa hiyo jua lilipo kali kabisa ndipo betri yako inapokataa kujaa, na wewe unalaumu betri. Umbali ukizidi mita 5, chukua wa 6.

Na ukwangue kwa kisu. Nyekundu nje na nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mwachie muuzaji. Nyeupe nje na nyekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, hiyo ndiyo.

Kama paneli ya pili hujainunua

Basi fikiria kuruka sambamba kabisa. Paneli moja kubwa na kontrola ya kweli ya MPPT inaondoa viungio vyote hivi, na hiyo MPPT inageuza volti za ziada kuwa ampea, jambo ambalo kontrola ya PWM, ile ya kawaida inayowasha na kuzima tu, haiwezi. Kwa PWM, ile wati 100 huipa betri kama 75 tu. Kasoro ni mbili. Paneli za wati 450 na kuendelea hufika volti 50 hivi zikiwa wazi, yaani hazijaungwa na kitu, kwa hiyo kontrola iwe ya volti 100. Na madukani kuna vijiboksi vyepesi kama kiberiti vimeandikwa MPPT kumbe ni PWM. MPPT ya kweli ina koili ndani, ina uzito mkononi, na inataja volti za juu inazopokea: 75/15, kwa mfano, ni volti 75 na ampea 15.

Lakini kama mwembe wa jirani unakupiga kivuli kuanzia saa tisa, sambamba bado ina faida: paneli iliyofunikwa inalala, mwenzake anaendelea.

Ukibaki na PWM, ile ya ampea 10 haitoshi tena kwa paneli mbili. Chukua ya 20.

Ya mwisho: kusokota waya na tepu

Nilifungiwa hivyo shambani Mkuranga, na fundi ambaye kwa mengine alikuwa mzuri. Kontrola ilionyesha ampea 11 wiki ya kwanza. Baada ya masika moja ikawa inasoma 6, mchana kweupe. Nikapangusa paneli, nikabadilisha maji ya betri, nikakaribia kununua betri mpya. Nilipopanda juu, tepu ilikuwa imeyeyuka ikawa gundi, na chini yake waya umeota unga wa kijani. Nilipouvuta kidogo, ukatoka wote. Paneli ya pili ilikuwa pambo la bati kwa miezi sijui mingapi. Nikaweka jozi ya Y, nikashuka ngazi, kontrola inasoma 10.8.