Boksi la postikadi za Franz Marc: mbele safi, nyuma wametuangusha

Hili boksi ninalo wiki ya pili sasa, nililinunua duka moja la vitu vya sanaa hapa München kwa yuro 18, ndani kuna kadi 20, nakala za zile postikadi ambazo mchoraji Mjerumani Franz Marc alizichora kwa mkono akawa anamtumia rafiki yake Else Lasker-Schüler, mshairi wa Berlin, kuanzia 1912 mpaka 1914. Za kweli zilikuwa 28 kwahiyo 8 hazimo.

Upande wa picha sina neno kabisa, karatasi nene, rangi imekolea, saizi ni ileile ya postikadi ya kawaida. Ile ya Mnara wa Farasi wa Bluu aisee nimeiangalia mpaka basi. Farasi wanne wamepangana, miilini wana nyota na mwezi mchanga, na hizo nyota na mwezi zilikuwa alama za Else mwenyewe, alikuwa anazichora kwenye barua zake, yaani Marc alichukua alama za rafiki yake akawavika farasi wake halafu akamtumia kama salamu za mwaka mpya wa 1913. Baadaye mwaka huohuo akaichora tena kubwa, mita 2 kwenda juu, na hiyo kubwa imepotea tangu 1945 haijaonekana tena, ila kakadi kapo mpaka leo hapahapa München.

Sasa shida iko nyuma. Kadi zote nyuma ni nyeupe tupu! Hakuna mwandiko, hakuna anwani, stempu wala mhuri wa posta. Kwetu Tanga kadi ya Idi ikifika mama anaigeuza nyuma kwanza kuona nani kaandika nini, picha baadaye, na hawa wawili ndo usiseme, Else alijiita Prinsi Jussuf, Marc akajiita Mpandafarasi wa Bluu, wakaandikiana hivyohivyo kama ndugu. Na kipindi hicho Else ndoa yake imevunjika 1912, hana hela, Marc na mkewe Maria wakamchukua akakae nao kijijini Sindelsdorf. Sasa ukiondoa mwandiko mtu atajuaje kama hizi ni barua za watu waliopendana namna hiyo, ataona farasi tu. Marc aliuawa Vita vya Kwanza vya Dunia karibu na Verdun, Ufaransa, tarehe 4 Machi 1916, ana miaka 36, kwahiyo kila mstari aliomwandikia mtu una thamani yake.

Kijikaratasi cha maelezo kipo, nusu ukurasa, Kijerumani tupu, na Else katajwa mara moja.

Nawapa nyota 3, zote za picha. Kama unataka za kubandika ukutani nunua, hutajuta. Kama unataka kusoma urafiki wao, kabla hujalipa omba wakufungulie boksi, toa kadi moja uigeuze.