Mizani ndogo ya sonara kwa wanaokusanya sarafu za makosa: uzoefu wangu

Kama unakusanya sarafu zilizogongwa kwenye madini yasiyo yake, nunua mizani kabla hujanunua sarafu. Ninayotumia mimi ni ile ndogo ya dijitali ya masonara, inayobeba hadi gramu 200 na kusoma mpaka gramu 0.01. Niliipata Darajani kwa shilingi 25,000, na sasa haitoki mfukoni nikizunguka maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe.

Makosa haya huzaliwa kiwandani. Kiwanda kimoja hugonga sarafu za thamani mbalimbali, pengine hata za nchi mbalimbali, na visahani vitupu (vipande vya duara vya madini ambavyo havijagongwa bado) hubebwa kwenye mapipa. Kimoja kikinasa pembeni mwa pipa, kazi inayofuata kinaangukia kwenye muhuri usio wake. Maarufu kuliko zote ni senti ya Marekani ya 1943. Mwaka ule shaba ilitakiwa vitani, senti zikafanywa kwa chuma kilichopakwa zinki, gramu 2.7 hivi. Lakini visahani vichache vya shaba vilivyobaki vikapenya, na senti zake zina gramu 3.11. Wajanja nao wakaanza kuzipaka shaba zile za chuma; hizo sumaku inazikamata mara moja. Wengine walichonga tarehe ya senti ya 1948, ambayo ni ya shaba kweli, na hapo sumaku na mizani vyote havikusaidii. Lazima uitazame ile 3 kwa lenzi.

Kwetu chukua shilingi ya 1966, yenye Mwalimu upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, uzito karibu gramu 8, na sumaku haiivuti. Kisahani cha chuma cha ukubwa uleule kingekuwa na gramu 7 tu. Kiganjani tofauti hiyo unaweza usiihisi, ila mizani inaitoa papo hapo.

Ninachokipenda zaidi ni kipimo cha maji. Naweka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mizani (glasi ya chai ni nzito mno, inaweza kumaliza gramu 200 peke yake), narudisha sifuri, kisha naning'iniza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala ubavuni. Namba inayotokea ndiyo ujazo wake, kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Gawa uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo: shaba, hata ikichanganywa na nikeli, inatoa karibu 8.9, chuma 7.8 hivi, fedha safi 10.5. Shilingi yangu moja ya 1966 ilisoma 7.93 ikiwa kavu, na 0.89 majini. Jibu ni 8.91, basi hiyo ni ya kawaida kabisa.

Kipimo hiki kimeniokolea pesa. Muuzaji mmoja alinionesha senti 20 yenye picha ya ndege mbuni, nyekundu, iliyookotwa pwani. "Shekhe, hii ya makosa, imegongwa kwenye shaba tupu, huipati tena." Senti 20 ni ya shaba ya manjano, ambayo ndani yake mna zinki, na maji ya chumvi huila zinki yakaacha shaba nyekundu. Kisahani cha shaba tupu cha ukubwa ule kingekuwa kizito zaidi, na hii ilikuwa nyepesi kuliko senti 20 nzima niliyokwenda nayo, uso wake umejaa vitundu. Nikamrudishia kwa heshima. Pysa, yaani sarafu za shaba za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, za 1299 Hijria, zile zenye picha ya mizani, nazo zikitoka ardhini huwa zimeliwa vibaya. Kwa hizo uzito peke yake haukuambii kitu.

Kasoro zake zipo. Feni ikizunguka, tarakimu ya mwisho haitulii, kwa hiyo zima feni na funga dirisha, hasa wakati wa kaskazi. Hewa ya bahari inatia kutu springi za betri. Mimi huzitoa betri nikimaliza kazi. Kilichoniudhi ni jiwe la gramu 100 la kusawazishia: kwenye picha ya kasha lipo, ndani halimo, na muuzaji akanijibu kwamba huja hivyohivyo. Nimelazimika kuazima la sonara jirani.

Usichukue inayosoma 0.1, kwa kipimo cha maji haifai kabisa. Zipo pia za 0.001 na zinavutia sana machoni, lakini nyingi hubeba gramu 20 hadi 50 tu, na hapo kikombe cha maji hukiweki.